Albamu ya promosyo: namna ya kuitengeneza Lubumbashi bila kupoteza jina hata moja

Promosyo inayomaliza chuo, yaani wanafunzi wa mwaka mmoja, haikosi picha. Simu zimejaa picha za kolasyo (sherehe ya kutunukiwa digrii), za safari ya mafunzo, za siku ya mwisho mbele ya auditorio. Miaka kumi ikipita, picha zitakuwa bado zipo, lakini ukiuliza, "Huyu aliyesimama nyuma ya shefu wa promosyo ni nani?" watu wataanza kutazamana. Sura inabaki, jina linapotea. Albamu inatengenezwa ili jina lisiachane na sura yake, kwa hiyo kila hatua iliyoelezwa hapa inalinda majina kwanza. Uzuri unafuata.

Mahesabu yaliyomo humu ni ya fakulte yenye wafinalisti 120, wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kama nyinyi ni wachache au wengi zaidi, badilisheni tarakimu tu.

Desturi ilikotoka

Kitabu cha namna hii ni mtoto wa vyuo vya Marekani. Mwaka 1806, kabla ya kamera kuwapo, wahitimu wa Yale walitoa kitabu cha sura zao. Sura zenyewe zilikuwa vivuli vyeusi vya nyuso zilizotazama upande. Kivuli cheusi kisicho na jina ni doa tu, na tangu mwanzo huo jina ndilo lililobeba kitabu.

Katika miaka ya 1850 na 1860, mpiga picha wa jimbo la Massachusetts aitwaye George K. Warren alianza kuwapiga wanafunzi wa vyuo kwa negatifu za kioo, zilizoweza kutoa nakala nyingi za picha moja. Mwanafunzi alinunua picha za wenzake na za walimu aliowataka, akapeleka zifungwe pamoja. Ndiyo maana albamu mbili za mwaka uleule hazikulingana: kila moja ilionyesha marafiki wa mwenyewe. Kuanzia miaka ya 1880 mashine zikaweza kuchapa picha kwa kuigawanya kuwa nukta ndogondogo, na wote wakapata kitabu kimoja. Humo ndimo zilimokua desturi tunazoziona mpaka leo: kumtolea mwalimu mmoja heshima ya kitabu, kuacha kurasa tupu za kutiana sahihi, kura za mchezo za "nani atakuwa waziri", na matangazo ya wafanyabiashara yanayolipia uchapaji.

Njia ya Warren bado inafaa kwa promosyo ndogo. Kama mko 15, msihangaike na mashine kubwa: chapeni kurasa zenye maandishi tu, acheni visanduku vyenye majina, tengenezeni picha halisi studio, kisha mzibandike kwa gundi isiyo na maji. Gundi ya kawaida ya ofisi hukunja karatasi na kuipaka picha rangi ya manjano.

Kamati na barua

Watu watano wanatosha: mmoja wa majina, mmoja wa picha, mmoja wa mpangilio wa kurasa, mmoja wa maandishi, mmoja wa pesa. Wa majina asipewe kazi nyingine yoyote. Kamati za watu kumi na watano zinaonekana za kidemokrasia, ila hakuna anayejua faili ya mwisho iko kwa nani.

Andikeni barua kwa dekano, mkuu wa fakulte, mapema, mkiomba vitu vitatu kwa pamoja: ruhusa ya kutumia jina na alama ya chuo, orodha rasmi ya wafinalisti kutoka sekretarieti ya fakulte, na barua yake fupi ya kuwekwa mwanzoni. Hiyo barua yake ndiyo huchelewa kuliko vyote. Mpeni urefu kamili, maneno 250, na tarehe iliyo wiki tatu kabla ya ile mnayoihitaji kweli.

Hesabuni kurudi nyuma kutoka siku ya kolasyo. Wiki 16 kabla: kamati na barua. Wiki 12: picha. Wiki 9: majina na maandishi yamefungwa. Wiki 6: nakala ya majaribio. Wiki 4: mashine. Wiki moja ya mwisho iachwe tupu, kwa sababu umeme utakatika, au karatasi itachelewa mpakani Kasumbalesa, au vyote viwili.

Majina

Mwongozo mwingi wa nchi nyingine hautawasaidia hapa. Sisi Wakongomani tunaandika jina, postinomu (jina la pili la asili) na prenomu (jina la ubatizo), na mpangilio huo una historia. Mwaka 1972, katika siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu, majina ya ubatizo ya kizungu yalipigwa marufuku nchini na postinomu ikachukua nafasi. Mkiweka walimu wa zamani au wahitimu wa wakati wa Zaire, msiwatafutie prenomu ambayo diploma yao haina. Andikeni kama walivyoandikwa wakati huo.

Kwa wafinalisti wenyewe, amueni mambo manne kabla ya kuchapa herufi moja.

La kwanza ni chanzo. Tumieni orodha ya sekretarieti, ile itakayotoa diploma, wala si kundi la WhatsApp. La pili ni umbo: jina na postinomu kwa herufi kubwa, prenomu kwa herufi ndogo, kila ukurasa hivyohivyo. La tatu ni viunganishi. Mwenye jina linaloanza na "wa" au "ya" anapangwa chini ya W na Y, au chini ya neno linalofuata? Njia zote mbili ni halali. Kosa ni kuzichanganya, maana mtu atajitafuta kwenye faharasa asijione. La nne ni maandishi ya herufi. Ngoy, Ngoie na Ngoi. Mwamba na Muamba. Tshibangu na Cibangu: masikioni ni jina moja, kwenye karatasi ni watu tofauti. Hapa Katanga na Kasai, herufi moja inaweza kusema familia imetoka wapi, na mtu hatawasamehe kwa kuibadilisha.

Dawa ni daftari la sahihi. Chapeni orodha yote kwa herufi kubwa za kusomeka, mstari mmoja kwa kila mtu, na kila mfinalisti aje asaini mbele ya jina lake baada ya kulisoma. Asiyeweza kuja atume picha ya kitambulisho chake kwa mtu wa majina peke yake, kisha ifutwe. Bandikeni orodha kwenye valvu, ubao wa matangazo, kwa siku saba pia. Sahihi 120 zinachukua muda kidogo kuliko kuchapa upya.

Kila mtu apewe namba, 001 hadi 120, na namba hiyo isibadilike hata mmoja akijiondoa. Namba hiyo itafuata picha, maandishi na malipo.

Picha

Mfinalisti mmoja anahitaji dakika tatu. Hao ni watu 20 kwa saa, kwa hiyo 120 ni saa sita: igawanyeni asubuhi tatu za saa mbili, na asubuhi ya nne ya waliokosa. Anzeni saa mbili, mfunge saa nne, kabla jua halijapanda na kuchimba vivuli chini ya macho. Mvua zikiwa zimeanza, kuwe na veranda au dirisha kubwa la kukimbilia.

Watu wengi hukimbilia kivuli cha mwembe. Kiepukeni. Majani huangusha rangi ya kijani usoni na matone ya jua mabegani, na hayo hayaondoki vizuri kwenye kompyuta. Veranda ya kaskazini au kusini, yenye ukuta wa rangi ya kijivu au samawati hafifu, ni bora.

Ukuta mweupe ndio unaoharibu picha nyingi za kwetu. Kamera ikiona weupe mwingi, na shati jeupe juu yake, hupunguza mwanga wa picha nzima. Ngozi nyeusi inabaki giza, macho hayaonekani. Kisha mashine ya uchapaji inaongeza tatizo: nukta za wino hupanuka kwenye karatasi, na sehemu za katikati hutoka nyeusi zaidi ya zilivyoonekana kwenye skrini. Pimeni mwanga usoni, siyo ukutani. Kama kamera inapima yenyewe na nyuma pana mwanga, ongezeni mwanga kwenye mpangilio wa kamera, +0.7 hadi +1. Wakati wa kusahihisha, inueni sehemu za katikati kidogo mpaka uso uonekane umezidi mwanga kwenye skrini. Kwenye karatasi utakaa sawa. Msipake ngozi weupe. Mnarekebisha mashine, si mtu.

Mpigwaji asimame mita moja na nusu mbele ya ukuta ili kivuli chake kisimfuate. Kamera iwe mita mbili kutoka kwake, kwenye kimo cha macho, lenzi ya milimita 50 hadi 85. Mwenye simu atumie ukuzaji wa 2x, kwa kuwa lenzi pana hupanua pua. Choreni alama mbili za chaki chini, ya miguu ya mpigwaji na ya mpiga picha, na msizisogeze mpaka siku ya nne. Bila alama hizo vichwa vitatofautiana ukubwa, na ukurasa utaonekana kama umekusanywa mitaani. Toga (joho) tatu zinatosha: mmoja anapigwa, wa pili anavaa, wa tatu anavua. Pini za nguo ziwepo kwa wembamba.

Na sasa hatua ambayo kamati huiruka kwa sababu inaonekana ya kipolisi: picha ya kwanza ya kila mtu ipigwe akiwa ameshika karatasi yenye namba yake. Picha tatu zinazofuata ni za albamu. Jioni, faili zipewe majina kwa namba hiyo. Msiamini kumbukumbu ya mpiga picha. Akishapiga watu arobaini, wote ni toga nyeusi.

Ukubwa wa faili una kanuni moja: nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wa kuchapwa. Picha ya sentimita 4 kwa 5 inahitaji nukta 472 kwa 591 tu, hivyo hata picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida huweza kutosha. Lakini ukurasa mzima wa A4 unahitaji 2480 kwa 3508, na hapo WhatsApp inawaua. Picha kubwa zitumwe kama dokumenti, au kwa kebo. Balaa kubwa zaidi ni kumkata mtu kutoka picha ya kundi: watu arobaini wakipangwa kwenye picha ya upana wa nukta 1600, kila uso unapata nukta kama thelathini. Hiyo si picha tena, ni mozaiki. Flashi zilizopita sibakafe (kibanda cha intaneti) zikaguliwe virusi kabla ya kuguswa na kompyuta ya kazi, na kila jioni nakala mbili zikae nyumba mbili tofauti.

Kurasa na karatasi

Kabla ya kumwendea mchapaji, hesabuni kurasa. Kwa A4, sura sita kwa ukurasa zinapumua, nane zinabana.

- Wafinalisti 120, sita kwa ukurasa: 20
- Jalada la ndani na kamati: 2
- Barua ya dekano na ya shefu wa promosyo: 2
- Historia: 6
- Walimu na wafanyakazi: 4
- Maisha ya chuo: 16
- Kurasa tupu za sahihi: 4
- Waliotangulia mbele ya haki: 2
- Matangazo: 2
- Faharasa ya majina: 2

Jumla 60. Namba lazima igawanyike kwa 4, kwa kuwa karatasi moja iliyokunjwa ina kurasa nne. Mkichapa kwa ofseti kubwa, mashine inayotumia mabamba ya chuma, mchapaji atataka mafungu ya 16, na hapo mtaongeza kurasa nne kufika 64. Kwa nakala 132 hamhitaji ofseti. Kurasa 64 za rangi, kwa mafungu manne, zinakula mabamba 32 bila jalada, na mabamba hulipiwa hata kama mnachapa nakala moja. Chapeni kwa dijitali. Ofseti inaanza kuwa na maana mkifika mamia kadhaa.

Ndani tumieni karatasi laini ya gramu 130 isiyong'aa. Mng'aro unarudisha mwanga wa taa na sura inapotea. Jalada gramu 300, lililopakwa plastiki. Zile kurasa nne za sahihi ziwe za karatasi ya kawaida ya gramu 100 au 120. Wino wa kalamu kwenye karatasi laini haukauki upesi, na ujumbe wa rafiki utahamia ukurasa wa pili kama muhuri.

Kuhusu kufunga: kurasa 60 za gramu 130 zikibanwa kwa pini mbili zinafura, na kurasa za katikati zinatokeza nje. Gundi ya moto mgongoni inapendeza siku ya kwanza, ila kwenye karatasi laini haishiki sana, na kitabu kinachofunguliwa kwa nguvu ili kionyeshwe kwa mama na shangazi kitaanza kumwaga kurasa. Ombeni kishonwe kwa uzi kisha kigundishwe. Ni ghali kidogo, na ndicho kitu pekee katika bajeti ambacho hatupendekezi kupunguza. Mgongo utakuwa milimita tatu na nusu hivi. Msiandike kitu juu yake, mwaka utateleza upande.

Acheni milimita 3 za kukatwa kila upande, milimita 10 bila maandishi pembezoni, na 15 upande wa mgongo. Scribus ni bure na inafanya kazi hii vizuri. Word haifai: ukiongeza mstari mmoja ukurasa wa 9, picha za ukurasa wa 14 zinatembea.

Kurasa za historia

Historia iwe fupi na ya kweli. Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) kina faida hapa, maana majina yake yenyewe ni hadithi: kilianza mwaka 1955 mjini Elisabethville kama chuo rasmi cha Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, mwaka 1971 kikaingizwa katika UNAZA, chuo kikuu kimoja cha Zaire nzima, na mwaka 1981 kikarudi kusimama chenyewe. Msiandike "UNILU" chini ya picha ya mwaka 1975. Mavazi yatawasaidia kukadiria picha zisizo na tarehe: mwalimu aliyevaa abakosi, suti isiyovaliwa na tai, huenda ni wa zama za Zaire.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa kampasi. Promosyo nyingine hupenda kulitaja tukio hilo. Mkilitaja, wekeni tarehe na mahali, na muiache idadi ya waliokufa, ambayo inabishaniwa hadi leo. Albamu si mahali pa kuikata kesi hiyo.

Maandishi ya kila mtu na kura

Kila mfinalisti apewe maneno 30, kwa Kiswahili, Kifaransa au lugha ya kwao. Mtu wa maandishi ahesabu, akate yanayozidi, kisha amwonyeshe mwenyewe. Vinavyokataliwa vitajwe mapema kwa maandishi: matusi, vyama vya siasa, utani wa makabila, matokeo ya mitihani ya mtu. Namba za simu zisichapwe. Kitabu kinazunguka mikononi mwa watu wengi, na wezi wa pesa za simu wanajua kusoma.

Kura za mchezo zinafurahisha kama zinahusu tabia: anayechelewa kwa heshima, mtunza madaftari wa taifa, mwenye swali la mwisho saa ya kwenda nyumbani. Za mwili, za mapenzi na za utajiri wa wazazi ziondolewe bila mjadala. Anayechaguliwa ana haki ya kukataa.

Pesa

Wachapaji watatu wapewe karatasi ileile ya maelezo (ukubwa, kurasa, gramu, kushona, idadi), la sivyo bei zao hazilinganishwi. Kusanyeni kwa dola na muandike risiti kwa dola, kwa kuwa faranga ya Juni siyo ya Septemba. Mweka hazina akague kila noti palepale: yenye mpasuko au muhuri itakataliwa na mchapaji, na hasara itakuwa ya kamati. Malipo ni nusu mbili, ya kwanza siku ya picha. Idadi ya kuchapa ni ya waliolipa, jumlisha asilimia 10 za walimu, maktaba na ajali.

Nakala ya majaribio

Ombeni kitabu kizima kimoja, kwa karatasi ileile, wala si PDF. Kisomwe na watu watatu ambao hawakuchapa neno hata moja. Majina yasomwe kutoka mwisho kwenda mwanzo, ili jicho lisikimbie.

Kosa la kuwinda kuliko yote ni la kisanduku kimoja. Mfinalisti namba 047 hakupigwa picha, mpangaji akaiondoa nafasi yake kwenye picha lakini si kwenye majina, na kuanzia hapo watu 73 wana majina ya jirani zao. Kwenye skrini kila kitu kimejaa vizuri, hakuna anayeona. Kwa hiyo aliyekosa picha asiondolewe: wekeni kivuli cheusi cha kichwa mahali pake, kama wale wa 1806, na jina lake chini. Kisha fungueni picha za namba za karatasi, mlinganishe kila sura ya kumi na kitabu. Ya 10, ya 20, ya 30, hadi 120. Ikilingana yote, sainini, na mchapaji amalize nakala zote kwa mkupuo mmoja. Umeme ukikatika katikati na mashine kuwashwa upya, rangi ya ngozi inaweza kutofautiana kati ya rundo na rundo.

Kosa likigundulika baada ya kuchapa, tengenezeni karatasi ndogo ya masahihisho na muiweke ndani ya jalada. Msibandike kitu juu ya sura ya mtu.

Nakala mbili ziende maktaba ya fakulte na moja sekretarieti, kwenye rafu ya chuma isiyogusa ukuta, kwa sababu ya mchwa. Faili ya PDF, orodha ya namba na majina, na daftari la sahihi vikabidhiwe shefu wa promosyo inayofuata.